Siku Farasi wa Mwanangu Aliposhinda

Tangu nizaliwe sijawahi kugusa farasi. Hapa Kalemie tuna mbuzi, tuna bata, tuna nguruwe wa jirani wanaoingia kwenye mihogo ya watu, na ng'ombe wanaopita barabarani kwenda machinjioni wakiwa wamekwisha kukonda. Farasi hatuna. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia kwa simu kwamba huko Ufaransa kazi yake ni kutunza farasi wa mbio, sikumwamini.

Ni mtoto wetu wa mwisho. Nilimpeleka Lubumbashi kusoma udaktari wa wanyama, na kwa kweli nilijisifu sana barabarani kwetu kwa ajili hiyo. Kabla hajamaliza akaondoka kwenda Ubelgiji kwa msaada wa binamu yake, akasema masomo atayamalizia huko. Kutoka Ubelgiji akavuka kwenda Ufaransa. Masomo hayakutajwa tena. Kila nilipouliza, aliniambia habari za karatasi, na karatasi zilipopatikana, akaniambia habari za farasi.

"Farasi wa kazi gani?" nilimuuliza.

"Wa kukimbia, Papa."

"Wanakimbia wanaenda wapi?"

"Hawaendi popote, Papa. Wanashindana."

"Wakimaliza kushindana wanafika wapi?"

"Wanafika pale pale walipoanzia, ao karibu na pale. Wanazunguka."

"Mimi nilikutuma kusoma mupaka Lubumbashi ili ukazungushe wanyama?"

Alicheka. Mama yake, ambaye alikuwa ameshika simu katikati yetu ili sote tusikie, akanipiga begani. "Papa, acha mutoto aseme!" Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusikia kicheko chake, na kicheko hicho hakikunipendeza. Nilifanya kazi maisha yangu yote kwenye atelye, yaani karakana ya reli, na huko tulifundishwa kupima gurudumu la behewa kwa sikio. Unaligonga kwa nyundo. Gurudumu zima linalia vizuri, sauti inakaa hewani. Lenye ufa linakohoa. Tangu siku hiyo nilianza kumgonga mwanangu namna hiyo, neno kwa neno, nikisubiri akohoe.

Nilikuwa na sababu zangu. Alipenda kupiga simu alfajiri, kabla jogoo wetu hajawika, na alikuwa amekwisha kuamka na kuvaa. Nani Ulaya anaamka saa hiyo, kwenye baridi ile wanayoisimulia, kama si mlinzi, mfungwa, au mtu anayekwepa watu? Sauti yake ilirudi kama ya mtu aliye ndani ya chumba kitupu chenye kuta za sementi. Yeye alisema ni zizi. Mimi nilisema moyoni, gereza nalo lina kuta za sementi. Akatuma picha, amesimama kando ya mnyama mrefu wa rangi ya kahawia, mkono umeshika kamba. Mama yake aliibusu ile simu. Mimi niliichukua nikaenda nayo mlangoni penye mwanga, nikaangalia kivuli. Kivuli cha mnyama kilienda kushoto. Cha mwanangu pia kilienda kushoto, lakini nikaona kama kimefifia. Kijana mmoja wa jirani aliniambia kwamba siku hizi mashine inaweza kukuweka hata mezani na rais. Hilo lilinitosha.

Mama yake hakuhitaji kivuli. Alijifunza habari za farasi kama wengine wanavyojifunza habari za watakatifu. Mwanetu alimweleza kwamba wale si farasi wa kawaida, ni wa damu safi, ambao kila mmoja ameandikwa baba yake, mama yake na nyanya zake mpaka zamani sana. Alimweleza kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, Paris, kuna mbio kubwa kuliko zote, ambako wafalme wa Uarabuni na matajiri wa Ireland huwatuma farasi wao ili wapate tu kusema walishiriki. Alikuwapo jike aliyeshinda miaka miwili mfululizo, na aliporudi mwaka mwingine kutafuta ushindi wa tatu, watu walikuja kwa maelfu kumwona, naye akapitwa mbele ya macho yao.

Mke wangu aliisimulia habari hiyo sokoni, kwenye meza yake ya dagaa.

"Karibu tu amalize," alisema, akiwa ameshika kipimo hewani, "wakamupita. Mwanamuke mwenzetu! Alikuwa amechoka."

"Alikuwa amezaa?" akauliza mteja.

"Hapana. Wanakatazwa kuzaa mupaka wamalize kukimbia."

"Basi wana akili kuliko sisi."

Wakacheka, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kikapu nikasikia aibu. Niliona mke wangu anauza uongo wa mtoto pamoja na dagaa.

Halafu kikaja kile kipande cha chuma. Mama mmoja anayefanya biashara ya vitenge alikuwa amefika Ulaya kumwona dada yake, akarudi kwa njia ya Kigoma na kuvuka ziwa kwa meli. Alituletea bahasha kutoka kwa mwanetu. Ndani yake mlikuwa na chuma cha kwato, kile wanachopigilia farasi miguuni, na salamu zake kwamba hicho kilivaliwa na farasi wao siku ya mbio fulani, nikining'inize ukutani kwa ajili ya bahati.

Nilikishika mkononi nikajua nimempata.

Kilikuwa chepesi kama kifuniko cha sufuria. Mimi najua chuma. Najua chuma cha reli, cha bafa za mabehewa, cha misumari ya mataruma, najua uzito wake gizani. Mnyama anayelingana na ng'ombe wawili, anayekimbia mpaka ardhi inatetemeka, avae kitu chembamba namna hii? Nikakigonga ukutani, kikatoa sauti ndogo ya bati. Nikachukua sumaku ya spika ya zamani niliyoihifadhi kwenye sanduku langu la vifaa. Sumaku haikushika.

"Angalia," nilimwambia mke wangu. "Hata si chuma."

"Labda farasi hawapendi uzito."

"Mama, nimefanya kazi ya chuma tangu hujanijua."

"Na farasi umefanya kazi nao tangu lini?"

Nilikiweka kile kipande ndani ya sanduku pamoja na sumaku, nikafunga. Baadaye sana nimejulishwa kwamba siku ya mbio farasi huvalishwa aluminiamu, kwa sababu hiyo hiyo aliyoitaja mke wangu. Ujuzi wangu wote wa atelye, niliojivunia mbele ya vijana wengi, ulinisaidia tu kukosea kwa uhakika zaidi.

Basi mambo yakiwa hivyo, mwanetu akapiga simu kuomba baraka ya ndoa.

Inafaa nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu. Mimi ni Muluba, watu wetu wametoka upande wa Kabalo. Kwetu baba ndiye anayetoa baraka. Mtoto anayetaka kuoa anakuja mbele ya baba yake, baba anachukua pemba, ule udongo mweupe, anampaka kwenye paji la uso na kwenye kifua, anasema maneno. Kanisani hatuzungumzii sana habari za pemba, lakini sijaingia nyumba ya Mkristo wa hapa ambayo haina kipande mahali fulani. Mtoto akiwa mbali, baba anaweza kumpaka mtu mwingine wa nyumbani kwa niaba yake, huku yule wa mbali akisikiliza kwa simu. Siku hizi tumefika huko. Bila pemba, ndoa inaweza kufungwa, lakini watoto wa ndoa hiyo watu watauliza wametokea mlango gani. Na anayetoa baraka ndiye anayetoa jina kwa mtoto wa kwanza.

Mke wangu si Muluba. Ni Mutabwa, wa pwani ya kusini. Kwao mwenye mtoto ni muyomba, kaka ya mama. Tulipooana, wazee wa pande mbili walikaa na wakakubaliana kwamba watoto wetu watafuata upande wangu. Nilisahau kwamba mapatano ya namna hiyo yanashika pale tu baba anapokuwa anafanya kazi ya baba.

"Binti ni wa wapi?" nilimuuliza mwanangu.

"Ni Mukongo, Papa. Wazazi wake ni wa upande wa Matadi. Yeye alizaliwa huku."

"Wa ukoo gani?"

"Wa ukoo gani namna gani?"

"Baba ya mama yake ni nani? Kwao kuna ugonjwa gani? Kuna mambo gani?"

"Papa, hayo sikumuuliza."

"Hukumuuliza. Ile farasi yako unajua nyanya yake na nyanya ya nyanya yake. Mama yako anatuimbia hapa kila siku. Lakini muntu atakayekupikia, hujui hata alitoka tumbo gani?"

Nilisikia anacheka na kujizuia. "Papa, farasi ana karatasi. Mutoto wa watu hana."

"Aliyekufundisha kujibu hivyo ni nani?"

"Ni wewe, Papa."

Mama yake akacheka mpaka akaweka simu mezani. Ningeweza kucheka mimi pia, na yote yangeishia hapo. Mara nyingi nimewaza hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzoea kumsikiliza nikitafuta ufa. Niliona kwamba anaharakisha. Binti asiye na ukoo, kazi isiyo na ushahidi, chuma kisicho chuma. Nikamwambia:

"Sitapaka pemba kwa ajili ya muntu nisiyemujua anafanya nini. Siku nitakapokuona na farasi kwa macho yangu, si kwa picha, nitatoa baraka siku hiyo hiyo."

Mke wangu aliacha kucheka.

Mwanetu akasema kwa sauti ya chini, "Ni sawa, Papa. Mwaka huu farasi wetu eko kwenye zile mbio kubwa. Mimi njo nitamwongoza mbele ya watu, kabla hawajaanza kukimbia. Tafuta televisheni. Namba ya farasi itakuwa kwenye mukono wangu. Saa za huko na za huku ni sawa sawa."

Alinipa kile nilichokitaka, nami hata hapo nikajiuliza mbona amekubali upesi hivyo.

Jirani yetu ni fundi wa kushona nguo. Ana antene kubwa juu ya bati lake na anashika chaneli za Ufaransa, kwa sababu anapenda kuangalia namna wanavyovaa. Ilipofika Jumapili ya mbio, miezi mingi baadaye, mwanetu akiwa amekwisha kututumia namba ya farasi, saba, tulikwenda kwake baada ya misa na chakula. Nilifikiri tutakuwa sisi tu. Kumbe mke wangu alikuwa amealika soko zima. Kulikuwa na akina mama wa dagaa, kulikuwa na mkwe wetu wa kwanza, kulikuwa na wanakwaya wakiwa bado na sare. Kaka ya mke wangu, muyomba mwenyewe, alikuwa amekuja kutoka ng'ambo ya mto Lukuga na koti lake jeusi, amekaa pembeni. Nilimwangalia na kujiuliza ni nani amemwita.

Nilikuwa nimevaa miwani yangu na nimebeba kipande cha pemba mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi. Ninalisema hilo kwa sababu watu wanafikiri nilikwenda pale nikiwa nimekwisha kukataa. Sivyo. Nilikuwa tayari. Nilitaka kuona tu.

"Hii ni ya sasa hivi, ao ni ya zamani wanarudisha?" nilimuuliza fundi.

"Ni ya sasa hivi, Papa. Unaona pale wameandika."

"Wanaweza kuandika chochote."

"Papa, mimi nimekualika kwangu, sikukuita mahakamani." Watu wakacheka.

Uwanja ulikuwa mkubwa, majani ya kijani kama yamepakwa rangi. Wanawake walivaa kofia ambazo fundi wetu alizieleza moja moja mpaka wakamnyamazisha. Halafu wakaonyesha mahali pa kuwazungushia farasi. Sijui niseme nini juu ya wanyama wale. Hata mimi, pamoja na roho yangu mbaya ya siku ile, niliwaona. Ngozi ilicheza juu ya nyama kama maji. Walitembea kama wanajua wanaangaliwa na hawajali.

"Saba! Saba!" akapiga kelele mke wangu.

Alikuwa jike wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kando yake alitembea mtu mweusi, mwenye suti na kofia ya kitambaa, namba kwenye mkono. Kamera ilikuwa upande wa pili wa farasi. Tuliona miguu, tuliona kofia, tuliona mkono ulioshika kamba. Uso ulikuwa nyuma ya shingo ya mnyama.

"Njo yeye! Angalieni, mutoto wangu njo yule!"

Mimi nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mtu yule alikuwa akichechemea. Si sana, lakini kila hatua ya mguu wa kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia. Nikasikia ndani yangu kitu kama furaha. Naona haya kuliandika neno hilo, lakini ndilo. Nilikuwa nimeupata ufa.

"Si yeye," nikasema.

"Papa!"

"Si yeye. Mutoto wangu hana kilema. Alicheza mupira hapa hapa, kila muntu alimuona. Yule ni kiwete. Mutoto amesikia kwamba kuna muntu mweusi atakayepita na namba saba, akatuambia ni yeye."

Mama mmoja wa dagaa akasema polepole, "Papa, baba anakataa mutoto mbele ya watu?"

"Sikumukataa mutoto. Nimekataa kiwete."

Muyomba alinitazama, akatazama kioo.

Wakaingiza farasi kwenye vile vyumba vya kuanzia, milango ikafunguka kwa pamoja. Mbio zenyewe hazikuchukua muda, hata uji haungechemka. Jike wetu, nasema wetu sasa, alikuwa nyuma kabisa, kafichwa na wengine, na mtangazaji hakumtaja. Mke wangu alikuwa amefumba macho. Walipogeuka kuingia njia ile ndefu iliyonyooka, mpanda farasi wake akamtoa nje, peke yake, mbali na wenzake. Na mimi, mzee mwenye mashaka, nilishuku hata hapo, nikafikiri amekosea njia. Halafu akaanza kuwapita. Hakuonekana kuongeza mbio. Ilikuwa kama wale wengine wamesimamishwa na yeye ameachwa aendelee. Walipofika mwisho hakuna aliyekuwa karibu naye.

Sijawahi kusikia kelele kama ile ndani ya nyumba ya mtu. Wanakwaya waliimba. Fundi alirusha futi yake ya kupimia. Kwenye kioo yule mtu wa kofia alikuwa anakimbia kwenye majani kumpokea farasi, anakimbia vibaya, anaruka kwa mguu mmoja, kofia imeanguka. Alimfikia akamkumbatia shingoni na kuuficha uso wake pale pale, mabega yakitikisika.

"Analia," mke wangu alisema. Naye alikuwa analia.

"Mwanangu halii," nilisema.

Kamera ikawaacha, ikaenda kwa mwenye farasi, kwa mpanda farasi, kwa kikombe. Uso hatukuuona. Nilitoka nje na pemba yangu mfukoni.

Jioni hiyo simu ikalia kabla hatujala. Sijawahi kusikia sauti yenye furaha kama ile kutoka kwake, hata alipokuwa mdogo.

"Papa! Uliniona?"

Mke wangu alinishika mkono. Aliushika kwa nguvu sana. Nilielewa anachoniomba. Ningeweza kusema "nilikuona" na kungoja siku nyingine ya kuuliza. Ningeweza hata kuuliza tu, kama watu wanavyouliza, mguu wako una nini?

"Niliona muntu anachechemea," nilisema. "Mutoto wangu hachechemei."

Nilisikia kelele za watu nyuma yake, vicheko, mtu anamwita kwa Kifaransa. Mwanangu akasema, "Sawa, Papa. Mulale salama." Akakata.

Sikuambiwa kitu kwa siku nyingi. Nyumbani palikuwa na amani ya namna mbaya. Mke wangu alinipikia, alinipigia pasi shati, alinijibu nilipouliza. Nilianza kushuku hata ile adabu yake. Alikuwa akitoka Alhamisi alasiri, akisema anakwenda kwa kaka yake ng'ambo ya Lukuga, na kurudi kabla ya giza. Sikumfuata. Nilijiambia nina heshima yangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kujua.

Halafu Jumamosi moja akarudi mchana, akaingia uani, akavua viatu, akaanza kuchambua mchele. Nilikuwa nimekaa na redio. Alipoinua uso kuniuliza kama kuna mkaa, nikaona. Paji la uso wake lilikuwa jeupe. Kwenye kifua, juu ya kitenge, kulikuwa na mstari mwingine. Ilikuwa pemba, haijakauka vizuri.

"Ni nani amekupaka?"

"Kaka yangu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Unajua ni kwa ajili ya nani, Papa." Aliendelea kuchambua mchele. "Nimesimama pahali pake. Mutoto alikuwa kwenye simu, na binti pia alikuwa. Amepiga magoti huko kwao. Binti muzuri. Analia haraka."

Nilisimama, nikakaa. Niliuliza kwa nini sikuitwa. Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa.

"Uliitwa kwa fundi, Papa. Ulikuja na miwani."

Siku ya pili yake nilivuka daraja kwenda kwa shemeji yangu. Nilikwenda na hasira na maneno mengi niliyokuwa nimeyapanga, mapatano ya wazee, ndoa ya kanisa, sheria ya upande wa baba. Alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Shemeji," akasema, "wewe ulikataa. Mutoto hakuwa yatima, ana muyomba."

"Nilikataa kiwete, sikukataa mutoto!"

"Unajua alipata wapi ule muguu?"

Nikatikisa kichwa.

"Ile farasi yenyewe. Mwezi wa sita iliogopa kitu, ikamukanyaga. Mifupa ya muguu ikavunjika. Alilala hospitali. Wakamwambia apumuzike mupaka mwaka uishe. Akakataa, kwa sababu alikuwa amemwambia baba yake atamuona."

"Mbona hakuniambia?"

Shemeji yangu ni mtu mpole, hajawahi kunipigia kelele. Alikuna kidevu chake akatazama uani. "Alisema, nikimwambia Papa nimevunjika, atasema ninafanya kazi gani ya kuvunja watu mifupa. Atasema ni vita, ni polisi. Dada yangu alijua. Mimi nilijua. Tulikuwa tunakungojea useme, muguu wako una nini, mutoto wangu? Ndio hayo tu. Pale kwa fundi nilikuwa nimekaa ninangojea hayo tu."

Nililitafuta neno la kumshuku, kama nilivyozoea. Labda wamepanga hivyo kunichukulia mtoto, labda watu wa kusini walikuwa wakisubiri tangu siku ya harusi yangu. Wazo hilo lilikuja, na sikatai kwamba bado linanijia usiku mmoja mmoja. Lakini pale kwenye kiti chake sikuweza kulisema. Kama walinipokonya kitu, mimi ndiye niliyekiweka chini.

Nilikaa wiki kadhaa kabla ya kupiga simu mwenyewe. Mpaka siku hiyo hapakuwa na hata mara moja niliyompigia. Sikuzote ni yeye aliyetupigia sisi. Nilichagua alfajiri, saa zake. Mke wangu alikuwa bado amelala, au alijifanya amelala.

"Papa? Kuna nini? Mama eko sawa?"

"Mama yako eko sawa. Ninauliza habari ya muguu."

"Umeshapona, Papa. Karibu."

"Unauma wakati wa baridi?"

"Unauma."

"Ukande kwa maji ya moto na chumvi."

"Ndiyo, Papa."

Nilikuwa nimepanga kusema mengi. Nilimwambia kwamba nilimkosea, kwamba nilimwona na macho yangu yakakataa, kwamba pemba niliyokuwa nayo siku ile ninayo bado na niko tayari kuipaka hata leo. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima, kama unavyomsikiliza padri mgeni.

"Asante, Papa. Lakini muyomba amekwisha kufanya. Haifanywi mara mbili."

"Najua."

"Sina kitu moyoni, Papa."

Niliisikiliza sana sentensi hiyo. Niliigeuza upande huu na ule. Hata leo sijui kama ililia vizuri, na nimejikataza kuipima zaidi. Nikamuuliza habari za mke wake. Akasema ni mjamzito. Nilifurahi, nikashukuru Mungu kwa sauti, halafu nikauliza kile ambacho singepaswa kukiuliza.

"Na jina?"

Sote wawili tulijua jina ni la nani sasa. Lingetoka ng'ambo ya Lukuga, kwa watu wa kusini, na mjukuu wangu angelibeba huko kwenye baridi bila neno moja la kwetu Kabalo ndani yake.

"Jina atatoa muyomba, Papa," alisema. "Lakini nitakuambia wewe wa kwanza, watu wengine baadaye."

"Ni sawa," nilisema.

Hakukata, na mimi sikukata. Nilisikia anatembea, hatua moja ndefu, moja fupi, kwenye kitu kama majani makavu. Halafu karibu kabisa na simu kitu kikubwa kikapumua, pumzi nzito ya moto, mara moja, tena mara moja. Mwanangu akakiambia jambo kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwetu.

Sikuuliza ni nini. Nilikaa kitandani nikasikiliza mpaka alipoitwa kazini.